FEDHA HUJA KWA MSIMU, MADENI HUJA KILA SIKU

Maelezo kwa wenye nyumba wa Meru na Embu juu ya kutawala madeni na matumizi ya nyumbani

Katika nchi ya Meru na Embu fedha za mkulima huingia nyumbani kwa nyakati zake. Lakini chumvi, sukari, sabuni, umeme na karo ya watoto havingoji nyakati hizo. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo mlango ambao deni huingilia katika nyumba nyingi, na juma hili twapenda kulieleza kwa urefu.

Watu wengi hudhani kwamba mtu hudaiwa kwa sababu ya ulevi, au uvivu, au kwa sababu mapato yake ni haba tu. Ni kweli kwamba wako walioharibu mali zao kwa njia hizo, na ni kweli pia kwamba ziko nyumba ambazo mapato yake hayatoshi hata kidogo. Lakini wako watu wenye bidii, wasiogusa pombe, ambao mapato yao ya mwaka mzima yatosha matumizi yao ya mwaka mzima, na hata hivyo hawatoki katika deni. Fedha zao hufuata kalenda moja, na madeni yao hufuata kalenda nyingine. Mtu asiyezilinganisha kalenda hizo mbili atakopa kila mwaka, hata kama shamba lake lazaa vizuri.

FEDHA HUINGIA WAKATI GANI

Tuanze juu mlimani na kushuka. Katika sehemu za baridi zilizo karibu na msitu wa Mlima Kenya, zao kubwa ni chai. Mkulima hupeleka majani mabichi kituoni, na kila mwezi hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo. Kisha, baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwisho wa mwezi wa Juni, hupata malipo ya pili ambayo watu huyaita bonasi, kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba. Mbolea aliyoichukua kwa mkopo hukatwa katika malipo yake.

Chini ya ukanda wa chai ni ukanda wa kahawa. Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambamo Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kahawa haina malipo ya kila mwezi. Mkulima huchuma matunda mekundu, hasa katika miezi ya mwisho wa mwaka, na tena uchumaji mwingine katikati ya mwaka. Matunda hupelekwa katika kiwanda cha chama chake, yakamenywa, yakaoshwa na kukaushwa. Baadaye hukobolewa, kisha huuzwa, sehemu kubwa katika mnada wa Nairobi. Fedha humrudia mkulima baada ya miezi mingi. Kwa sababu ya kungoja huko, mwaka 2020 Serikali ilianzisha mfuko wa kuwapa wakulima malipo ya mbele kwa kahawa waliyoipeleka kiwandani. Malipo ya mbele ni msaada mwema, lakini mkulima akumbuke kwamba ni sehemu ya fedha zake mwenyewe aliyoila mapema. Siku ya malipo ya mwisho haitakuwapo tena.

Katika Igembe na Tigania liko zao la miraa. Miraa huchumwa mara kwa mara, na fedha zake ni za haraka. Lakini soko lake laweza kufungwa ghafula. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata mwaka 2014. Somalia nayo iliizuia tangu Machi 2020, ikaifungulia tena Julai 2022. Mtu aliyekuwa amekopa kwa kutegemea bei ya juma lililopita aliamka akiwa na deni lile lile, na soko halipo.

Katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka watu hutegemea ndengu, mtama, mawele na mifugo. Huko mvua mbili ndizo kalenda. Mvua ikikosa, hakuna cha kuuza ila mbuzi.

Kwa watu wa mijini mambo ni kinyume. Kibarua wa ujenzi, au mama anayeuza mboga sokoni, hupata fedha kidogo kila jioni, lakini kodi ya nyumba hudaiwa yote kwa siku moja ya mwezi. Mkulima hupata nyingi kwa mara moja na kudaiwa kidogo kidogo. Mtu wa mjini hupata kidogo kidogo na kudaiwa nyingi kwa mara moja. Wote wawili wana shida moja, nayo ni ya nyakati.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ili jambo hili lieleweke, tutwae mfano wa nyumba ya mkulima wa chai mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Hesabu hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke zake mahali pake.

Chai humpa Shs. 4,000 kila mwezi, na maziwa Shs. 3,000. Bonasi ya mwezi wa Oktoba ni Shs. 60,000. Kwa mwaka mzima, chai ya kila mwezi ni Shs. 48,000, maziwa ni Shs. 36,000, na bonasi ni Shs. 60,000. Jumla ni Shs. 144,000.

Sasa matumizi. Chakula cha kununua, sabuni, umeme, nauli na vitu vidogo ni Shs. 6,500 kwa mwezi, yaani Shs. 78,000 kwa mwaka. Karo na vifaa vya shule ni Shs. 16,000 mwezi wa Januari, Shs. 12,000 muhula wa pili na Shs. 12,000 muhula wa tatu, jumla Shs. 40,000. Malipo ya bima ya afya ni Shs. 3,600. Nguo, na michango ya mazishi na ya harusi, ni Shs. 12,000. Jumla ya matumizi yote ni Shs. 133,600.

Basi nyumba hii yabakiwa na Shs. 10,400 kila mwaka. Si tajiri, lakini yajitosheleza. Mtu akitazama hesabu ya mwaka atasema kwamba nyumba hii haina haja ya kukopa hata senti moja.

Lakini tazama mwezi wa Januari. Katika mwezi huo fedha zinazoingia ni Shs. 7,000. Matumizi ya kawaida ni Shs. 6,500, na karo ni Shs. 16,000. Ikiwa bonasi ya Oktoba ilikwisha kabla ya Krismasi, baba huyu hana budi kukopa karibu Shs. 16,000.

Tuseme amekopa kwa njia ya simu, kwa ada ya 7.5 kwa mia kwa mwezi. Ada hiyo si ya kubuni. Ndiyo iliyotozwa na mkopo wa M-Shwari ulipoanzishwa mwezi wa Novemba 2012, kwa muda wa siku 30. Kwa Shs. 16,000 ada ni Shs. 1,200. Hiyo yaonekana ndogo. Lakini mwisho wa mwezi hana Shs. 16,000 za kurudisha; mapato yake ya mwezi yampa ziada ya Shs. 500 tu. Kwa hiyo hukopa mahali pengine ili alipe mahali pa kwanza, na mwezi unaofuata hufanya vivyo hivyo. Tangu Januari hata bonasi ya Oktoba ni miezi 9. Ada ya Shs. 1,200 mara 9 ni Shs. 10,800.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo tena. Ziada yote ya nyumba hii kwa mwaka ni Shs. 10,400. Ada za deni moja la Januari ni Shs. 10,800. Deni limekula akiba yote na kudai Shs. 400 zaidi, wala hatujahesabu karo ya muhula wa pili na wa tatu. Oktoba ikija, bonasi hulipa madeni, na Januari nyumba huanza tena mikono mitupu. Hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi mwaka baada ya mwaka, shamba likiwa zuri, na nyumbani pasiwe na maendeleo.

ADA NDOGO YA MUDA MFUPI SI NDOGO

Hapa liko jambo ambalo huwapoteza watu wengi. Wakopeshaji hutaja ada ya siku, ya juma au ya mwezi, nayo husikika nyepesi. Ili ujue uzito wake, ihesabu kwa mwaka. Ada ya 7.5 kwa mia kwa mwezi, ikilipwa miezi 12, ni 90 kwa mia kwa mwaka. Mkopo wa muda wa maongezi wa Okoa Jahazi hukatwa 10 kwa mia: ukikopa Shs. 100 hutumia Shs. 90. Mtu afanyaye hivyo kila siku mbili hupoteza zaidi ya Shs. 1,800 kwa mwaka.

Ulinganishe na chama cha akiba na mikopo, ambacho watu hukiita Sacco. Vyama vingi vya namna hii vimezoea kutoza kiasi cha 1 kwa mia kwa mwezi. Kama baba wa mfano wetu angalikopa Shs. 16,000 zile zile kwa kiasi hicho, na deni lote likakaa miezi 9 bila kupunguzwa, riba ingalikuwa Shs. 1,440, mahali pa Shs. 10,800. Mfuko wa Serikali uitwao Hustler Fund, ulioanzishwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, lakini muda wa kulipa mkopo wake wa kwanza ulikuwa siku 14 tu. Kwa hiyo hata mkopo wa riba ndogo haufai kulipia karo ya Januari ikiwa fedha za kuulipa zitapatikana Oktoba. Kabla ya kukopa jiulize maswali mawili: Nitalipa ngapi kwa jumla? Na siku ya kulipa, fedha zitatoka wapi? Asiyeweza kulijibu swali la pili kwa kutaja mwezi na zao, asikope.

DENI LISILOITWA DENI

Kuna deni jingine ambalo halina karatasi wala halitajwi kama deni. Ni kuuza mazao kabla hayajakomaa. Mwenye shida ya karo hukodisha miti yake ya miraa kwa mfanya biashara kwa muda, kwa bei ya chini, naye huona mwingine akichuma katika shamba lake. Mwenye makadamia huuza karanga changa kwa dalali, ingawa wenye kusimamia mazao hufunga uvunaji katika miezi ambayo karanga hazijakomaa. Mwenye kahawa huuza matunda kwa fedha taslimu njiani, badala ya kuyapeleka katika chama chake. Mwenye ndengu huuza siku ya mavuno, bei ikiwa chini kuliko siku zote, kisha hununua chakula wakati bei imepanda.

Katika kila jambo hilo mtu amekopa, na tofauti ya bei ndiyo riba aliyolipa. Ukiuza kwa Shs. 60 kitu ambacho baada ya miezi miwili kingekupa Shs. 100, umelipa riba ambayo mkopeshaji wa fedha angeona haya kuitaja. Mara nyingi ni afadhali kukopa kiasi kidogo katika Sacco na kungoja zao likomae.

KWANZA ANDIKA

Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule. Katika ukurasa wa kwanza andika miezi 12. Mbele ya kila mwezi andika fedha unazotazamia kuingia, na mahali zitokapo. Usiandike bei ya mwaka mwema. Andika bei ya mwaka mbaya unaoukumbuka. Katika ukurasa wa pili andika miezi hiyo hiyo, na mbele ya kila mmoja yaandike matumizi yasiyoepukika: chakula, karo, kodi, mbegu, dawa za mifugo. Usisahau yale yanayokuja mara moja kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya jamii ilipochukua mahali pa ile ya NHIF, mtu asiye na mshahara hupimiwa uwezo wake na kutakiwa alipe mchango wa mwaka, usiopungua Shs. 300 kwa mwezi. Asiyeiweka katika daftari ataikumbuka siku mtoto atakapolazwa hospitali.

Katika ukurasa wa tatu andika kila deni: jina la anayedai, kiasi, ada yake, siku ya kulipa, na kile kitakachopotea usipolipa. Liandike hata deni la dukani na lile la shemeji. Watu wengi huona haya kuandika, lakini deni lisiloandikwa haliwi dogo kwa kufichwa.

Kazi hii ifanywe na mume na mke pamoja. Nyumba ambayo mume hajui deni la dukani, na mke hajui mkopo wa simu, ni nyumba yenye madaftari mawili na mfuko mmoja. Na watoto wakubwa wakiambiwa kwamba fedha za Oktoba ni za karo ya Januari, hawatalia wakinyimwa viatu vipya.

IGAWE FEDHA YA MSIMU SIKU ILE ILE

Dawa ya nyumba ile ya mfano yaanza Oktoba, wala si Januari. Siku bonasi ilipoingia, Shs. 60,000 zingegawanywa hivi: Shs. 40,000 za karo ya mihula mitatu, Shs. 3,600 za bima ya afya, Shs. 12,000 za nguo na michango. Zabaki Shs. 4,400. Hizo ndizo za kufurahia, au za kununulia mbuzi. Ukiongeza ile ziada ya Shs. 500 ya kila mwezi, unapata akiba ile ile ya Shs. 10,400, na hakuna aliyekopa.

Lakini fedha za karo zisikae katika simu ambayo mtu huifungua mara ishirini kwa siku, wala chini ya godoro. Ziwekwe mahali ambapo kuzitoa ni taabu kidogo: akaunti ya akiba katika Sacco au benki, au zilipwe shuleni mapema na kuchukua risiti. Shule nyingi hupokea karo ya mbele kwa furaha.

Huenda msomaji atasema, Mimi nimeanza na deni tayari, wala bonasi ya mwaka huu si yangu. Basi usijaribu kuikomboa miezi 12 kwa mara moja. Msimu huu weka akiba ya karo ya Januari tu. Mwaka ujao ongeza ya muhula wa pili. Katika miaka mitatu kalenda zako mbili zitakuwa zimekutana.

Kwa mtu wa mjini kanuni ni hiyo hiyo, ila yageuzwa. Ikiwa kodi ni Shs. 3,000 na siku za kazi ni 25, basi kila jioni Shs. 120 si zake; ni za mwenye nyumba. Azitenge kabla ya kununua chakula cha jioni. Chama cha wanawake cha kuchangiana kwa zamu chafaa sana katika kazi hii, mradi zamu ya kila mtu ipangwe kulingana na mwezi wa shida yake.

DENI GANI LILIPWE KWANZA

Aliye na madeni mengi huvutwa kumlipa yule apigaye kelele zaidi. Hiyo si hekima. Yafaa kufuata utaratibu huu.

Kwanza ni uhai wa nyumba: chakula, dawa, na mbegu za msimu. Asiye na mbegu hatalipa mtu yeyote mwaka ujao.

Pili ni madeni ambayo yaweza kuwaondoa katika makao yenu: kodi ya nyumba, na mkopo uliowekewa rehani ya shamba.

Tatu ni madeni yaliyodhaminiwa na majirani. Katika Sacco mkopo wako husimama juu ya akiba za watu wengine. Ukiacha kulipa, chama hukata akiba zao. Mjane aliyekuwekea sahihi kwa sababu ya ujirani mwema atakuta fedha za mwanawe zimekatwa. Deni la namna hii likiharibika, huvunja urafiki wa miaka mingi.

Nne ni madeni ambayo ada yake hupanda upesi, kama ya simu na ya wakopeshaji wa mitaani. Kila senti itakayobaki iende kwa lile lenye ada kubwa kuliko yote, mpaka liishe, kisha lifuatalo.

Tano ni madeni ya ndugu na marafiki, ambayo hayana riba. Hayo yaweza kungoja, lakini mwenye kudai aambiwe, asikwepwe njiani.

Ukiona hutaweza kulipa siku iliyoagizwa, nenda kwa anayekudai kabla ya siku hiyo, ukiwa na daftari lako. Mwombe kugawanya deni katika mafungu ambayo waweza kuyalipa kweli, na makubaliano yaandikwe. Anayekwenda kabla ya siku husikilizwa. Anayezima simu huandikiwa barua ya wakili, na gharama ya barua huongezwa juu ya deni.

KUHUSU HATI YA SHAMBA

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia, pamoja na mambo mengine, kwamba mkulima Mwafrika awe na hati ya shamba lake, ambayo angeweza kuitumia kupata mkopo wa kuendeleza kilimo. Tangu hapo hati imewasaidia wengi, lakini yaweza pia kuwa njia ya kupoteza urithi. Shamba lisiwekwe rehani kwa ajili ya kitu kiliwacho au kivaliwacho. Kama ni lazima, liwe kwa kitu kitakachozaa fedha za kulipia mkopo wenyewe.

Sheria imeweka ngome kadha. Kwa sheria ya mwaka 1967, kuuza au kuweka rehani ardhi ya kilimo hakuna nguvu bila idhini ya bodi ya kusimamia ardhi. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2012, rehani ya makao ya ndoa haifai bila sahihi au kibali cha mume au mke wa pili wa ndoa hiyo. Na mkopeshaji hawezi kuuza kabla ya kutoa arifa zilizoandikwa na muda kupita. Mama anayeletewa karatasi ya kutia sahihi, asitie kabla ya kusomewa neno kwa neno na mtu asiye na faida katika jambo hilo. Wala mtu yeyote asimwachie mkopeshaji kitambulisho, kadi ya benki au namba yake ya siri.

HAKI ZA ANAYEDAIWA

Anayedaiwa si mhalifu. Kushindwa kulipa deni la kawaida si kosa la jinai. Hata hivyo aliye na uwezo na akaidharau amri ya mahakama aweza kufungwa katika kesi ya madai. Kwa hiyo barua ya mahakama isitupwe, iitikiwe. Na hata mahakama ikiamuru mali zikamatwe, sheria yakataza kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na vifaa vya kazi vya mdaiwa.

Tangu mwaka 2007 benki haiwezi kudai, kwa mkopo uliokwama, riba inayozidi kiasi cha deni lililokuwapo siku ulipokwama. Tangu kanuni za mwaka 2022, wakopeshaji wa simu hutakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, nao wamekatazwa kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kupigia watu walio katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Anayetendewa hivyo aweke ujumbe huo bila kuufuta, na apeleke malalamiko Benki Kuu, au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa ugomvi wa fedha usiozidi Shs. 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambamo mtu aweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

NENO LA MWISHO

Wazee walisema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Neno hilo si la kukataza kukopa. Mkopo wa mbolea umewafaa wakulima wengi, na mkopo wa Sacco umewasomesha watoto wengi. Neno hilo latukumbusha kwamba siku ya kukopa na siku ya kulipa si siku moja, na kwamba aliyeikumbuka ya kwanza peke yake atalia siku ya pili.

Basi, msomaji, jioni ya leo, baada ya chakula, mkae wawili na daftari. Hesabuni miezi iliyobaki kabla ya fedha za msimu, na miezi iliyobaki kabla ya karo. Kazi hiyo ni ya saa moja tu, wala haina gharama ila bei ya daftari na kalamu.